Toba na Siasa katika Uamsho wa Afrika ya Mashariki

Katika vitabu vya historia vinavyosomwa shuleni kwetu, dini huingia kwa milango miwili tu. Mlango wa kwanza ni wa wamisionari waliotangulia bendera za wakoloni au waliofuata nyuma yake. Mlango wa pili ni wa viongozi wa imani waliosimama kuupinga ukoloni, kama alivyofanya Kinjekitile na maji yake mwaka 1905. Baina ya milango hiyo kipo chumba kikubwa ambacho mwanafunzi aghalabu haingizwi. Ndicho chumba cha mtu wa kawaida: mlevi, mwenye deni, mwenye kinyongo, aliyegeuzwa na imani hata majirani wakamstaajabia, kisha mageuzi yale yakamfanya aitazame serikali kwa jicho jingine.

Makala haya yanakihusu chumba hicho. Mfano nilioutwaa ni ule Uamsho wa Afrika ya Mashariki uliochipuka Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, ukaenea Kenya na Tanganyika, na ambao athari zake zingali zaonekana katika makanisa mengi ya sehemu hizi. Sikuuchagua ili kumvuta msomaji kwenye madhehebu yoyote. Hiyo ni kazi ya wahubiri, nao hawahitaji msaada wa karani wa serikali. Nimeuchagua kwa sababu unalo swali ambalo kila raia anapaswa kulijibu, awe Mkristo, Mwislamu, au mfuasi wa mila za wazee wake: mtu aliyejifunza kuungama kosa lake mbele ya watu na kurudisha kitu alichokiiba, atasema nini siku serikali yake inapoiba au inapoficha?

Kwanza tuliangalie neno. Mitaani kwetu mtu akikataa bia, akisali kwa sauti na kumwita kila mtu ndugu, huambiwa kwamba huyo ni mlokole. Mara nyingi hilo husemwa kwa dhihaka, na siku hizi hutajwa zaidi wafuasi wa makanisa ya Kipentekoste. Lakini asili yake ni Buganda. Balokole kwa Kiganda ni watu waliookolewa, na neno lenyewe lina udugu wa karibu na kuokoa na kuokoka katika Kiswahili. Wenyewe hawakupenda kuitwa hivyo. Waliitana ndugu tu. Hawakuwa na daftari la wanachama, wala mwenyekiti, wala kanisa lao wenyewe. Walibaki ndani ya makanisa waliyobatizwa, Waanglikana wakiwa Waanglikana na Walutheri wakiwa Walutheri, wakakutana katika vikundi vidogo walivyoviita ushirika.

Kuhusu chanzo chake wanahistoria hutaja mahali pawili. Pa kwanza ni Gahini, karibu na ziwa Muhazi katika mashariki ya Rwanda, ambako Misheni ya Kianglikana ilikuwa na hospitali. Daktari Joe Church, Mwingereza kijana, alifika huko mwaka 1928, na mara akakutana na njaa kuu ambayo Wanyarwanda waliipa jina la Rwakayihura. Watu walifika hospitalini wakiwa mifupa mitupu. Wengi walikufa njiani. Mwaka uliofuata, mwezi Septemba 1929, daktari huyo alikwenda Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Huko, juu ya kilima cha Namirembe, pakiwa pa pili, alikutana na Mganda mmoja jina lake Simeoni Nsibambi. Nsibambi alikuwa amefanya kazi ya serikali katika mambo ya afya. Aliwahi kuwa na kinyongo kikubwa kwa kunyimwa nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, kinyongo ambacho alikuja kukiacha alipoipata imani yake upya. Watu hawa wawili walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kusali pamoja. Mkutano huo umesimuliwa mara nyingi hata umekuwa kama hadithi. Mimi naona jambo la kuzingatiwa ni dogo lakini zito: mwaka 1929, katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, daktari Mzungu aliketi na mtumishi Mwafrika, wakaulizana kama watu sawa ni kitu gani kilichopungua maishani mwao.

Jinsi Uamsho ulivyofanya kazi tutaiona vema kwa kumtazama Yosiya Kinuka. Huyu alikuwa msaidizi katika hospitali ya Gahini, na hakuwa akipatana na Daktari Church. Kazi ilizorota, wauguzi walinung'unika. Kinuka alipelekwa Kampala kumwona Nsibambi, naye huko akayamwaga malalamiko yake yote kuhusu hospitali. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwonyesha kwamba ubovu wa hospitali ile ulianzia moyoni mwa Kinuka mwenyewe. Mtu yule alirejea Rwanda akiwa amebadilika, akaungama kwa wenzake. Lakini hadithi haikuishia hapo. Baada ya muda wamisionari nao walianza kuungama kwa Waafrika: hasira zao, na kiburi cha rangi yao. Mwanafunzi wa siasa asilipite jambo hili haraka. Katika miaka ya 1930 hapakuwa na sheria wala katiba iliyomlazimisha Mzungu kumwomba radhi msaidizi wake wa hospitali. Walioliona jambo hilo kwa macho yao walijifunza usawa kabla ya chama chochote cha siasa kuja kuwahubiria.

Tuje kwenye kuponywa kwa mtu binafsi. Watu wengi hudhani kwamba mlevi huacha pombe kwa sababu ameogopeshwa na moto wa jehanamu. Hofu hiyo haidumu. Nani asiyemjua mtu aliyeacha pombe Jumapili akairudia Jumatano? Pombe katika vijiji vyetu haikuwa kinywaji tu. Ilikuwa baraza na mahakama ya wazee, malipo ya waliosaidia kulima, mahari, matanga na upatanisho. Anayeiacha pombe huliacha baraza, na asiye na baraza ni mpweke, na mpweke hurudi kwenye kibuyu. Uamsho uliwapa watu hawa baraza jingine. Kila juma, na mahali pengine zaidi ya mara moja, ndugu walikutana. Mmoja alisimama akasema juma lake lilivyokwenda: alimtukana mkewe, aliitamani mali ya fulani, aliionja tena pombe. Hakufukuzwa. Walimwimbia wimbo ule wa Kiganda wa Tukutendereza, wakamkumbatia, wakasali naye. Waliita jambo hilo kutembea katika nuru. Siri iliyosemwa hadharani ilipoteza makali yake, na aliyeanguka alijua kwamba siku ya nne au ya tano kuna watu watakaomwuliza kwa upendo.

Dawa hiyo ilikuwa na uchungu wake. Kuungama hadharani kuliwaaibisha wengi ambao hawakuungama. Mtu akisema kwamba alizini, hakuzini peke yake. Akisema kwamba aliiba, huenda ndugu zake walikula pamoja naye. Ndiyo maana wazee wa koo katika sehemu nyingi waliwachukia waliookoka. Kwa mzee wa ukoo, siri ni paa la nyumba, na watu hawa walikuwa wakiezua. Wanahistoria wa miaka ya karibuni wameonyesha kwamba waliojitahidi kujenga heshima ya kabila waliwahesabu ndugu wa Uamsho kuwa waharibifu. Nami siwalaumu kabisa wazee wale. Jamii yenye kusema kila kitu mbele ya kila mtu haikaliki. Hata hivyo jamii inayoficha kila kitu ni mbaya zaidi, na tutaona hivi punde ilivyokuwa.

Pamoja na kuungama kulikuwako kurudisha. Watu walipeleka dukani nguo walizoiba, wakarudisha vyombo vya hospitali, wakawaendea waajiri wao na fedha mkononi. Festo Kivengere, ambaye nitamweleza sasa, alisimulia habari ya mtu mmoja aliyekwenda kwa Mkuu wa Wilaya akiswaga ng'ombe wanane. Mkuu yule alipouliza ni wa nini, akajibiwa kuwa ni wa serikali: mtu huyu alipokuwa akichunga ng'ombe wa serikali aliiba wanne, na sasa amekuja kulipa wanane. Mzungu akataka kujua ni nani aliyemkamata. Akaambiwa kwamba aliyemkamata ni Yesu. Mimi, niliyekaa ofisini miaka mingi, naweza kuifikiria taabu ya mtawala yule. Hakuna jalada la mapato yasiyodaiwa, wala fomu ya kumpokea mwizi ambaye hakushitakiwa na mtu.

Kivengere alizaliwa karibu na mwaka 1919 katika sehemu za Rukungiri, Kigezi, kusini-magharibi ya Uganda, katika jamii ya wafugaji. Alichunga ng'ombe, akasoma shule ya misheni, akaenda Mukono kufunzwa ualimu, akarudi kwao kufundisha. Elimu ilikuwa imemtoa imani. Akawa mnywaji, naye aliwaona watu wa Uamsho kama kero. Mnamo mwaka 1941, siku ya Jumapili, alikuwa akirudi kutoka kunywa alipokutana na rafiki yake mwalimu juu ya baiskeli. Rafiki yule, uso ukimng'aa, alimwambia kwamba amempata Yesu saa chache tu zilizopita, kisha akamwomba radhi kwa makosa aliyoyataja moja moja. Kivengere alikwenda chumbani kwake, akapiga magoti. Baada ya hapo alikumbuka kwamba yuko Mwingereza mmoja, mmisionari, ambaye alimchukia. Alipanda baiskeli akaenda maili 50 ili amwambie kwamba alikuwa akimchukia, na sasa chuki imekwisha. Walikumbatiana, na machozi yalimtoka yule Mwingereza.

Sisi Watanzania tunayo haki ya kumhesabu Kivengere katika historia yetu, kwani alikuja Dodoma mwaka 1946 akafundisha katika Shule ya Alliance, ile ambayo baadaye ilipewa jina la Mazengo na ambayo majengo yake tangu mwaka 2007 yametumiwa na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Alikaa nchini hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1950. Kiswahili chake kilikomaa huku. Mwaka 1960 mhubiri Mmarekani Billy Graham alipohubiri Moshi, Kivengere ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Uamsho ulikuwa umeingia kwetu tangu kabla ya kufika kwake, kwa njia ya Bukoba. Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba aliyechaguliwa Dar es Salaam mwaka 1977 kuwa Rais wa kwanza Mwafrika wa Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni, alikuwa mtoto wa Uamsho huo huo.

Sasa tuifikie siasa, na hapa mambo hayanyooki.

Katika miaka yake ya mwanzo Uamsho uligombana zaidi na kanisa kuliko na serikali. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha wachungaji cha Mukono, kiongozi wao akiwa William Nagenda, kwa sababu hawakukubali kuacha kuamka alfajiri kusali na kuhubiri juu ya dhambi za wenzao na za walimu wao. Ugomvi huo ulikaribia kulipasua kanisa. Lakini kuhusu vyama vya siasa, ndugu wengi walijitenga. Walisema kwamba siasa ni mahali pa uongo na fitina, na mtu atembeaye nuruni hana kazi huko. Wakati vijana wenzao walipokuwa wakikata kadi za vyama na kudai uhuru, wao waliimba na kusali. Wapigania uhuru waliwaona kuwa watu waliolewa kwa kinywaji kingine.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuwa Kenya. Uamsho ulikuwa umefika Kabete mwaka 1937 na kuenea sana Kikuyuni. Tarehe 20 Oktoba 1952 ilitangazwa hali ya hatari, na kila mwanamume na mwanamke wa Kikuyu akawa lazima aonyeshe yuko upande gani. Wapiganaji wa msituni walidai kiapo. Serikali ilidai watu washike silaha katika vikosi vya ulinzi vya wenyeji. Ndugu wengi wa Uamsho walikataa yote mawili. Walisema kwamba wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa kiapo kingine. Na kwa sababu hiyo hiyo hawawezi kumwua ndugu yao kwa bunduki ya serikali. Baadhi yao waliuawa kwa kukataa kiapo. Serikali nayo iliwatilia mashaka kwa kukataa bunduki, ingawa makanisa ya ng'ambo yaliwasifu.

Vijana wanapofundishwa habari hizi huuliza: watu wale walikuwa mashujaa au wasaliti? Naona swali limewekwa vibaya. Ushujaa wao hauna shaka, kwani kukaa kati ya panga na bunduki bila kushika lolote si kazi ya mwoga. Kasoro yao ilikuwa mahali pengine. Walijua sana kuhesabu dhambi za mtu mmoja mmoja. Hawakujua kuhesabu dhambi iliyoandikwa katika sheria. Ardhi ya Kiambu na ya Nyanda za Juu ilikuwa imetwaliwa na walowezi tangu mwanzo wa karne, kwa hati na kwa mihuri. Kama kuna kitu kilichoibwa Afrika ya Mashariki, ni kile. Mwafrika mmoja aliwarudisha ng'ombe wanane; Uamsho haukupata kumwuliza mlowezi ekari zake. Wamisionari waliungama hasira na kiburi, na hilo ni jambo kubwa, lakini kiburi hakina mpaka wala hati ya kumiliki. Swali la ardhi liliachiwa wengine, nao walilijibu kwa panga.

Huo ndio upungufu ambao, kwa maoni yangu, ulianza kuzibwa Uganda baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Januari 1971. Haukuzibwa kwa nadharia. Ulizibwa kwa sababu serikali ile iliyafanya yale yale ambayo Uamsho ulikuwa umejifunza kuyapinga ndani ya nyumba: ilificha, na iliposhikwa ikificha, ilidanganya. Watu walichukuliwa kutoka makazini na majumbani, wakatiwa katika mabuti ya magari, wasionekane tena. Jamaa zao walipouliza hawakujibiwa.

Kivengere aliwekwa wakfu kuwa askofu wa Kigezi mwezi Desemba 1972. Miezi miwili baadaye ilitangazwa kwamba watu watatu wa sehemu zile watapigwa risasi hadharani. Alikwenda kwa Amin kuwaombea, akarudi mikono mitupu. Tarehe 10 Februari 1973, katika uwanja wa Kabale, mbele ya maelfu waliokusanywa kutazama, askofu alipewa ruhusa kuwakaribia watu wale wakiwa na pingu. Alikwenda bila kujua la kusema, akakuta kwamba wao ndio wenye maneno: walimwambia kwamba wamesamehewa, na wakaomba habari hiyo ipelekwe kwa watu wa nyumbani kwao. Wakauawa. Kutoka siku hiyo ingekuwa vigumu kwa askofu yule kusema kwamba siasa si kazi yake.

Tarehe 30 Januari 1977, huko Bushenyi, katika ibada ya kumweka wakfu askofu mpya wa Ankole Magharibi, Kivengere ndiye aliyehubiri. Maofisa wa serikali na wa jeshi walikuwa wameketi mbele. Alihubiri juu ya thamani ya uhai wa mwanadamu, akawauliza wenye mamlaka jinsi walivyoyatumia mamlaka waliyopewa na Mungu. Tazama, msomaji, kwamba hilo ndilo swali la ushirika wa kila juma: ndugu, juma lako lilikwendaje? Safari hii liliulizwa kwa watu wenye bastola.

Jibu halikukawia. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari askari waliizingira nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum huko Namirembe, wakaipekua kutafuta silaha, wasizione. Luwum alikuwa Mwacholi wa Mucwini, mwalimu aliyeokoka katika Uamsho tarehe 6 Januari 1948, akawa askofu mkuu mwaka 1974. Yeye hakuwa adui wa serikali kwa tabia yake. Mara nyingi alikwenda kwa Amin kuwaombea waliokamatwa, na wapo waliomlaumu kwa ukaribu huo. Baada ya upekuzi, maaskofu walikutana wakamwandikia Rais barua, wakalalamikia upekuzi ule pamoja na vifo vya watu mikononi mwa vyombo vya usalama. Barua ile iliandikwa kwa heshima zote zinazompasa mkuu wa nchi. Lakini ilitaja mambo kwa majina yake.

Tarehe 16 Februari 1977 viongozi wa dini, mabalozi na maofisa waliitwa Kampala, kwenye hoteli ya Nile Mansions. Silaha zilitandazwa chini uwanjani, maaskofu wakasimamishwa juani, ikasomwa taarifa ya njama, na askari wakaulizwa wahaini wafanywe nini. Walipiga kelele wauawe. Maaskofu waliruhusiwa kwenda zao, lakini Luwum alizuiwa. Siku iliyofuata redio ilitangaza kwamba yeye na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyesadiki. Maiti yake haikukabidhiwa kwa kanisa. Ilipelekwa Mucwini ikazikwa huko. Kule Namirembe kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kando ya kanisa kuu, nao watu walikusanyika Jumapili wakaimba kando ya kaburi tupu. Tarehe ya kifo chake, 16 Februari, tangu mwaka 2015 imekuwa sikukuu ya taifa nchini Uganda.

Kivengere aliambiwa kwamba anatafutwa. Yeye na mkewe, Mera, waliikimbia Kigezi usiku kwa miguu, wakapanda milima hadi Rwanda. Mwaka huo huo kilitoka kitabu chake kwa Kiingereza, ambacho jina lake lilisema waziwazi kwamba anampenda Idi Amin. Kitabu hicho kiliwakera wengi. Mkimbizi aliyeachiwa maiti ya baba yake kando ya mto angeanzaje kukisoma? Kivengere alieleza kwamba moyo wake ulikuwa umeanza kuwa mgumu kwa uchungu. Kisha siku ya Ijumaa Kuu, akiwa London kanisani, alisikia ikisomwa sala ya Yesu ya kuwaombea waliomsulubisha. Akajiuliza: kama Amin angekuwa miongoni mwa askari wale, je, sala ile isingemhusu? Akakubali kwamba ingemhusu.

Wapo wanaosema kwamba huo ni unyonge, nami nawaomba waangalie mpangilio wa matukio. Mtu huyu hakusamehe kwanza ili apate kunyamaza baadaye. Alisema kwanza, mbele ya wenye bunduki, naye alisamehe akiwa uhamishoni, wakati msamaha haukuweza kumpatia faida yoyote wala kumrudishia kiti chake. Msamaha ulikuwa dawa yake mwenyewe, kama toba ya mwaka 1941 ilivyokuwa dawa ya ulevi. Alijua kwamba chuki ingemla kama pombe ilivyotaka kumla. Lakini ni lazima tuseme pia jambo ambalo wahubiri hulipita kimya. Amin hakuondolewa na msamaha. Aliivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, na jeshi letu pamoja na wapiganaji wa Uganda wakaingia Kampala Aprili 1979. Vijana wa Tanzania walikufa katika kazi ile. Kivengere aliweza kurudi Kigezi mwezi Mei mwaka huo kwa sababu walikuwako watu waliobeba bunduki ambayo ndugu zake wa Kikuyu walikuwa wameikataa. Sioni kwamba jambo moja linalifuta jingine. Naona kwamba anayefundisha habari ya mmoja bila ya mwingine anafundisha nusu. Kivengere aliishi hadi tarehe 18 Mei 1988, akafariki Nairobi.

Ningependa kuishia Uganda, lakini Uamsho haukuanzia Uganda peke yake. Ulianzia pia Gahini, na Rwanda ndiyo nchi iliyouuliza maswali mazito kuliko zote. Januari 1964, yalipotokea mauaji ya Watutsi, mchungaji mmoja wa Uamsho aliyeitwa Yona Kanamuzeyi aliwahifadhi wakimbizi huko Nyamata bila kuuliza kabila. Askari walimchukua usiku, wakamwua darajani. Walikuwako wengine wa namna yake. Lakini ilipofika mwaka 1994 viongozi wengi wa makanisa walikuwa wamezoea kuketi karibu na watawala, na watu wengi waliuawa ndani ya makanisa yenyewe, Nyamata ikiwamo. Askofu mmoja wa Kianglikana alishitakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha, akafa mwaka 2003 kabla ya hukumu. Kwa miaka mingi Wanyarwanda waliokuwa wakiungama kila juma hasira zao na tamaa zao walichukua mfukoni kitambulisho kilichoandikwa kabila, kilicholetwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930, na kitambulisho kile hakikuwa dhambi ya mtu yeyote. Hapakuwa na mtu wa kukiungama.

Baada ya mauaji, serikali mpya ya Rwanda iliiweka toba katika sheria. Sheria ya mwaka 1996 ilimpunguzia adhabu aliyekiri. Kisha mabaraza ya gacaca, yenye mizizi yake katika desturi za Wanyarwanda wenyewe wala si katika Uamsho, yalifanya kazi nchini kote hadi yalipofungwa mwezi Juni 2012. Watu walikaa nyasini, mshitakiwa akasimama akasema alichofanya, akawaomba radhi waliobaki. Zipo toba za kweli zilizosikika pale, na zipo zilizosemwa kwa sababu ya kupunguziwa kifungo. Dola haina kipimo cha kuzitenga. Zaidi ya nusu ya kesi zote hazikuwa za kuua bali za mali: mabati yaliyong'olewa, milango, mavuno, ng'ombe waliochinjwa na kuliwa. Hukumu zilitolewa za kulipa. Walioamriwa walipe wengi walikuwa maskini kama wale waliowadai, nao mara nyingi walipatana wenyewe: huyu akamlimia yule shamba, yule akasamehe sehemu ya deni. Madai mengine yalibaki bila kulipwa miaka mingi baada ya mabaraza kufungwa.